Jinsi Chirau wa Gazi Alivyojifunza Kutazama Watu Wakila

Sogeeni, enyi mliokula mkashiba, nanyi mliokula mkabakiza kwa adabu, nanyi mlioambulia harufu tu ya jikoni kwa jirani. Mwenye mkeka aukunjue, mwenye mtoto amnyamazishe, kwani habari inayokuja haienei katika sikio moja. Wapo walioimbiwa kwa kubomoa ngome na kuteka miji. Waacheni wapumzike, ndani ya ngome zenyewe leo wanalala mbuzi. Anayetajwa hapa ni Chirau bin Mwero wa Gazi, Mpanda Minazi, Mshusha Madafu, Simba wa Vilele Virefu, ambaye katika mwaka wa hamsini na tano, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, alisimama nyuma ya kiti cha mwanamke aliyekuwa akinywa supu, akamtazama mpaka akaimaliza, kisha akaiondoa sahani. Msicheke bado.

Mambo yalianza kwa usaliti. Chirau alikuwa amepanda minazi tangu hajang'oa meno ya utoto, na kutoka Gazi hadi Msambweni hapakuwa na mnazi usioujua unyayo wake. Alipanda akiimba, akashuka akiwatukana siafu, na madafu yake yaliangukia pale alipoyaamuru yaangukie. Basi mnazi mmoja, mrefu wa kimo na mfupi wa imani, ambao alikuwa ameupanda miaka na miaka bila ugomvi, uliamua asubuhi moja kuuvunja urafiki. Ulimtupa. Alitua kwa goti la kulia. Mganga wa mifupa alilikanda goti lile, akalifunga, akalisomea, akalikanda tena, nalo likapona kwa kutembea, ila likaapa kwamba halitapanda tena kitu chochote kinachozidi kizingiti cha mlango.

Hivyo Simba wa Vilele akawa simba wa kibarazani. Aliketi akisikia madafu ya watu wengine yakianguka, na kila dafu lilikuwa kama limemwangukia yeye. Mkewe, Mwanaima, alishona makuti ya kuezekea akayauza, akailisha nyumba kwa makuti, wala hakusema neno. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yale machache aliyapima kwanza. Chirau alimpenda mke yule kupita kiasi, na kunyamaza kwake ndiko kulikomuuma kuliko goti.

Aliyesema alikuwa Mjomba Tsuma. Huyu alikuwa kaka wa mamake Mwanaima, mkulima wa mpunga huko Vanga, mtu wa sauti nene na fimbo ndefu. Na kwa Wadigo mjomba si mgeni wa sikukuu, ni mwenye mtoto. Alikuja Gazi, akaitikia shikamoo bila kuketi, akahutubia.

"Sikiliza, mkwe wangu. Mimi nilimwoza mpwa wangu kwa mpanda minazi. Mpanda minazi yuko wapi? Ninaona mtu na goti. Sikumwoza kwa goti mimi! Maulidi ikifika nawe hujapata kazi ya kueleweka, nitakuja mwenyewe nimchukue mtoto wa dada yangu, arudi Vanga akale kwao."

"Mjomba," akasema Chirau, "riziki iko kwa Mola."

"Iko kwa Mola, naam. Lakini Mola hakusema uketi kibarazani umngoje akuletee kwa sinia."

Akaenda zake. Mwanaima alibaki akiyakunja majani ya makuti, kisha akasema maneno yake machache. "Vanga sitaki kwenda. Lakini mjomba akija kunichukua mbele za watu, siwezi kumwambia la. Basi usinifikishe hapo, mume wangu."

Msiulize kama Chirau alilala.

Sasa zielekezeni nyuso zenu Msambweni, kwani huko ndiko ulikokuwa uwanja wa vita. Katika miaka ile, wakati huko bara bunduki zilikuwa zikizungumza, serikali iliingiwa na huruma ya ghafla juu ya watu wa pwani, ikaona kwamba wanafaa kufundishwa kuishi. Waliokuwa wakiishi hapo tangu enzi za mababu walishangaa kidogo, wakauliza kama kuna ada, wakaambiwa hakuna, wakaja. Darasa likafunguliwa katika ukumbi wa makuti, likaitwa darasa la Maisha Bora, na juu yake akawekwa Mwalimu Garama.

Garama alikuwa mtu wa Kinango, kule kwenye ukame, aliyepelekwa bara kwa mafunzo akarudi na soksi ndefu, firimbi, na neno "ufanisi," ambalo alilitia katika kila sentensi kama mtu atiaye chumvi kwa kuwa ameinunua mwenyewe. Chini ya jemadari huyu, mambo makubwa yalitendeka. Watu wanaotawadha mara tano kwa siku walifundishwa kunawa mikono, wakanawa kwa heshima wasije wakamvunja moyo mwalimu. Wanaume walifundishwa kupiga pasi ya makaa na kukunja pembe za shuka. Wanawake, upande wa pili wa ukumbi, walifundishwa kufuma sweta za sufu. Msambweni! Mahali ambapo mbuzi hukimbia kutoka kivuli hadi kivuli. Wakafuma, jasho likiwadondokea juu ya sufu, na sweta moja ikapelekwa kwenye maonyesho ikatunukiwa utepe. Haijulikani kama kuna kiumbe aliyepata kuivaa.

Lakini somo kuu, lililowaleta watu kutoka mbali, lilikuwa la kuhudumu mezani. Huko Diani ilikuwa imefunguliwa hoteli ya Wazungu, na mwenyewe, memsahib mmoja mkavu ambaye watu walimwita Bi Kengele kwa sababu hakuita mtu kwa jina bali kwa kengele ya mkononi, alikuwa ametuma habari kwamba atakuja kuchagua mhudumu mmoja. Mmoja tu. Chirau alipolisikia hilo alivaa kanzu yake nyeupe, akaliburuta goti lake mpaka Msambweni, akaandikishwa.

Siku ya somo hilo Garama alipanda juu ya kijukwaa, akapiga firimbi, akanena.

"Enyi vijana, na nyie ambao si vijana tena! Mkono wa mtu hushika jembe, hushika kasia, lakini ufanisi wa mkono ni kushika sahani! Sikieni sheria. Mhudumu hasalimu. Mhudumu hasemi. Mhudumu husimama nyuma ya kiti, upande wa kulia, na macho yake hayabanduki kwenye sahani ya mgeni. Anatazama kijiko, anatazama tonge, anatazama mpaka mwisho. Na sahani ikimalizika anaiondoa kabla mgeni mwenyewe hajajua kwamba imemalizika. Huo ndio ufanisi."

Ukumbi mzima ukainamisha macho. Haikuwa kwamba hawakuelewa, walielewa sana. Pale pwani mtoto anayekodolea macho mtu anayekula hufinywa paja, na akirudia hufinywa mara mbili, kwani jicho la mtazamaji huangukia tonge, na tonge lililoangukiwa na jicho halishuki. Mwungwana akimkuta jirani yake chakulani hukohoa kwa mbali, akageuza uso, akapita akiutazama mnazi. Na yule anayekula, akimwona mtu hata barabarani, lazima aseme karibu. Sasa hapa palikuwa na mtu mwenye soksi ndefu akiwaamuru wakae wakiwakodolea macho watu wazima.

"Mwalimu," akauliza mzee mmoja muuza mihogo, "tuwatazame mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Astaghfirullahi," akasema mzee.

Mazoezi yakaanza. Meza iliazimwa, vijiko viliazimwa, na supu, kwa kuwa ofisi ilikuwa bado haijaidhinisha supu, ilikuwa maji. Mzee wa mihogo akakalishwa awe Mzungu. Chirau akapewa kitambaa cheupe mkononi awe mhudumu. Alitoka na sahani ya maji mlangoni, akachechemea kwa fahari, akaiweka mezani bila tone kumwagika, akasimama nyuma ya kiti. Mpaka hapo historia ilikuwa upande wake. Kisha mzee, kabla hajatia kijiko, akageuka.

"Karibu, ndugu yangu."

"Starehe," akajibu Chirau.

"La, karibu, karibu."

"Nimeshiba, alhamdulillahi. Endelea kwa raha zako."

"Hata kijiko kimoja! Utaniacha nile peke yangu kana kwamba nimefiwa?"

Kukataa mara ya tatu ni tusi, na Chirau hakulelewa na mbwa. Akavuta kiti, akanawa, akasema bismillahi, wakanywa maji yale kwa vijiko viwili kutoka sahani moja, wakaulizana habari za mihogo na za goti. Firimbi ya Garama ililia mpaka ikakosa pumzi.

Siku ya pili Wazungu wa bandia walipigwa marufuku kusema karibu. Mzee akanywa maji yake akiwa amekaza midomo, machozi ya aibu yakimlenga. Chirau naye alisimama nyuma ya kiti ameshikilia zamu kama askari wa lindo, mgongo umenyooka, kitambaa kimening'inia, na uso wake ameuelekeza ukutani. Maji yakaisha. Mzee akakohoa. Akagonga sahani kwa kijiko. Akagonga tena.

"Chirau!" akapaza sauti Garama. "Mgeni yuko huku!"

"Najua alipo, Mwalimu," akasema Chirau. "Ndiyo maana nikaangalia huku."

Darasa zima likakubali kwamba jibu hilo lilikuwa la kiungwana. Garama akamvuta kando, akamwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza akasahau ufanisi. "Ndugu yangu Chirau. Unabeba sahani vizuri kuliko wote. Lakini Bi Kengele anakuja Alhamisi, na Chande anatazama."

Chande alikuwa kijana wa Ukunda aliyebeba mizigo bandarini Mombasa akaiacha haya yake huko. Alimtazama kila mtu akila chochote, bila kupepesa. Na Maulidi ilikuwa wiki ileile.

Chirau akarudi nyumbani akamweleza mkewe, na Mwanaima akaacha makuti yake. "Basi nitakula mimi," akasema. "Wewe nitazame mimi. Mimi si mgeni."

Lazima ifahamike ukubwa wa jambo hili. Chirau alikula kibarazani na wanaume wenzake, Mwanaima jikoni na wanawake, na katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona mkewe akitia tonge kinywani. Sasa Mwanaima aliketi uani juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ugali na mchicha mbele yake, na nyuma yake akasimama mumewe, kitambaa mkononi. Tonge la kwanza lilimpalia kwa kicheko. La pili pia. La tatu likashuka, na Mwanaima akaanza kuyapenda masomo.

"Maji," akasema.

Chirau akaleta maji.

"Si hayo. Ya mtungini."

Chirau akaleta ya mtungini. Kisha, kwa kuwa lilikuwa somo, akajilazimisha kutazama sahani. Na alipoitazama hakuona ufanisi wowote. Aliona kijitonge. Ugali wa mkewe ulikuwa mdogo kuliko ngumi ya mtoto, na mchicha ulikuwa mashina matupu, na papo hapo akaelewa ni kwa sababu gani sinia lake yeye, kule kibarazani, halikupungua hata baada ya yeye kuanguka mnazini. Akageuza uso ukutani haraka.

"Umeshindwa tena," akasema Mwanaima bila kugeuka.

"Nimeshindwa," akasema.

Nyuma ya ua alikuwapo Chiku, jirani yao, aliyekuwa amekuja kuomba moto akasahau moto. Alichokiona ni mwanamume mzima amesimama nyuma ya mkewe anayekula, anamletea maji na kuambiwa si hayo. Habari hiyo ilitoka Gazi ikiwa na miguu miwili, ikafika Vanga ina minane: Chirau amelogwa, anampepea mkewe, anamwosha miguu, anampakulia kwa magoti. Mjomba Tsuma alipoisikia alichukua fimbo yake bila kungoja Maulidi.

Ikawadia Alhamisi. Ee ukumbi wa Msambweni, ulibeba nini siku hiyo! Gari la Bi Kengele lilifika na vumbi lake, naye akashuka, mkavu, kofia pana, kengele mkononi, akaketi mezani bila kusalimu mtu. Ofisi ilikuwa imeidhinisha supu hatimaye. Ilikuwa supu ya samaki, yenye ndimu na pilipili manga, ikichemka uani tangu asubuhi, na darasa zima, ambalo lilikuwa limekunywa maji kwa vijiko muda wote huo, lilisimama likiinusa. Supu pekee katika historia ya Maisha Bora ilinywewa na mtu pekee aliyekuwa ameshapata kifungua kinywa.

Chande akaanza. Alibeba, akaweka, akasimama, akatazama, na alivyotazama! Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Kijiko kilipopanda, macho yake yakapanda nacho. Kinywa cha memsahib kilipofunguka, chake kikafunguka. Alipomeza, Chande akameza. Bi Kengele akahisi pumzi ya moto shingoni. Akageuka, akakutana na kinywa wazi, akaipiga kengele mpaka paka wa ukumbini wakakimbia.

"Toa yeye!" akasema.

Chande akatolewa, na supu mpya ikapakuliwa, na Garama akamtazama Chirau kama mtu anayeliaga jahazi.

Hapo Simba wa Vilele akatoka. Kutoka jikoni hadi mezani palikuwa na kizingiti, na kizingiti ndicho kimo cha mwisho ambacho goti lile lilikuwa limeapa kutokizidi. Akakipita. Supu ikacheza ukingoni, ikarudi, ikatulia. Akaiweka bila sauti. Akasimama nyuma ya kiti, upande wa kulia, na mara shingo yake ikageuka ukutani kwa mazoea ya mababu, na Garama akafumba macho.

Chirau hakuwa amejisahau. Alikuwa anangoja. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba mwanamke huyu, awe Mzungu, awe nani, hataweza kula na mtu amesimama kando yake bila kumwambia karibu. Na alikuwa ameshaandaa jibu lake, "starehe, memsahib," hata kama mhudumu hasemi, maana kuna mambo yaliyo juu ya sheria za Garama. Kijiko cha kwanza kikapita. Pengine alikuwa na njaa. Cha pili kikapita. Pengine ana koo linauma. Cha tatu, cha nne. Pengine amekasirika kwa ajili ya Chande. Kisha Bi Kengele akanyoosha mkono wake kuchukua chumvi, kiwiko chake kikamgusa Chirau tumboni, na hakusema samahani, wala hakushtuka, wala hakugeuka. Akaichukua chumvi kama mtu aliyegusa pazia.

Ndipo Chirau akaelewa. Hakuwa amekataliwa, anayekataliwa ameonekana kwanza. Kwa mwanamke yule hapakuwa na mtu pale. Kitu kilimpanda kifuani, kikali, cha moto, na kwa mara ya kwanza maishani mwake haya yake ikamtoka, kwani haya ni ya mtu kwa mtu, na pale upande mmoja haukuwa na mtu. Akageuza shingo. Akatazama. Akamtazama Bi Kengele akila kama mtu amtazamavyo mbuzi wake akila majani, bila aibu na bila kijicho, akijua tu kwamba majani yatakwisha. Aliona kila kijiko. Aliona samaki alivyosukumwa pembeni. Aliona mkono ulivyoanza kuchoka. Na kijiko cha mwisho kilipolala, kabla hakijatulia, mkono wa Mshusha Madafu ukashuka kutoka kulia, ukaichukua sahani, ukapaa nayo, na meza ikabaki nyeupe.

Bi Kengele akatazama pale palipokuwa na sahani. Akainua kichwa, si kumtazama Chirau bali Garama.

"Huyu nataka," akasema. "Huyu mzuri kabisa. Kama hapana mtu hapa."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Wanawake walirusha sufu juu. Mzee wa mihogo alilia waziwazi. Garama akamkumbatia shujaa wake, sahani ikiwa kati yao, akimpigia kelele masikioni, "Amesema umekamilika! Amesema ufanisi!" Chirau aliyasikia maneno ya memsahib kama yalivyosemwa, akayaweka moyoni kama mtu anayeweka kisu mahali pake.

Aliporudi Gazi alasiri ile, akamkuta Mjomba Tsuma kibarazani, fimbo magotini, na kando yake furushi la nguo za Mwanaima limekwisha fungwa. Ndani kulikuwa na harufu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwani mjomba ni mjomba hata akija kwa shari.

"Shikamoo, mjomba. Nimepata kazi."

"Marahaba. Kazi gani?"

"Kutazama watu wakila."

Tsuma akalifikiria neno hilo. "Hiyo ni kazi au ni maradhi?" akauliza. "La, mkwe wangu. Nilikuwa nikisikia umelogwa nikasema ni uongo wa Chiku. Sasa umenithibitishia kwa kinywa chako. Mwanaima, chukua furushi."

Chirau akamtazama mkewe, na ile hofu aliyoibeba tangu siku ya mnazi ikamjia yote kwa pamoja. Majirani walikuwa wamekwisha jaa njiani. Mwanaima hakuligusa furushi. Alisema maneno yake machache.

"Mjomba, hutoki kwangu na njaa, watu watanicheka mpaka Vanga. Kula kwanza. Kisha twende." Akamgeukia mumewe. "Mhudumie mjomba."

Na macho yao yakakutana, na Chirau akaelewa ameamriwa nini.

Akaleta kiti. Akamwosha mjomba mikono kwa birika. Akaweka sinia mbele yake, wali mweupe umejaa mpaka ukingoni, samaki juu yake, tui likitiririka. Kisha akachukua kitambaa, akasimama nyuma ya kiti, upande wa kulia, akamkazia macho.

"Bismillahi," akasema Tsuma, akafinyanga tonge. "Karibu, mkwe."

Chirau kimya.

"Nimesema karibu."

Kimya. Macho hayakubanduka kwenye tonge. Tonge likapanda, macho yakapanda, likasimama njiani.

"Karibu, mwanangu! Hebu kaa. Leo tumegombana lakini chakula hakina ugomvi."

Hakuna jibu. Yalikuwa macho yaleyale ya Msambweni, yasiyotaka kitu, yasiyoona mtu, yaliyongoja tu sahani iishe. Tsuma akalitia tonge kinywani, na tonge likakataa. Akanywa maji. Akahamisha kiti, Chirau akahama. Akageuza mgongo, akayasikia macho mgongoni. Njiani mtu mmoja akaanza kucheka, akafinywa akanyamaza. Mjomba Tsuma, aliyewanyamazisha machifu barazani, aliyemfukuza nguruwe mwitu kwa sauti peke yake, akarudisha tonge siniani, akainuka, vidole vyake vikiwa na tui, wala hakuomba maji ya kunawa.

"Watu wanaoweza kula huku wanatazamwa hivi," akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "si ajabu wametutawala."

Akashika fimbo. Akamtazama mpwa wake, akalitazama furushi.

"Baki," akasema. "Mumeo ana kazi. Inatisha, lakini ni kazi."

Akashika njia ya Vanga na njaa yake, na umati ukampisha. Chirau alibaki amesimama na kitambaa chake, asijue kama ameshinda au ametenda dhambi. Mwanaima akakitoa kitambaa mkononi mwake, akamkalisha kwenye kiti cha mjomba, akaketi mkekani mkabala naye, hapo hapo kibarazani mbele ya Gazi nzima, akamsogezea sinia katikati. Wakala pamoja, na majirani wote kwa adabu wakaitazama minazi.

Hayo ndiyo yaliyotendeka, enyi wana wa pwani, wala hayakuongezwa chumvi isipokuwa ile aliyoichukua Bi Kengele. Jumatatu Chirau alikwenda Diani, akavalishwa mshipi mwekundu, akasimama nyuma ya viti vya watu miaka mingi, hapana mtu hapo. Serikali iliuandika mwaka ule kwa mambo yake, kodi na barabara na idadi ya sweta. Lakini nendeni Gazi mkamuulize umri wake mtu aliyezaliwa siku zile. Hatawatajia hamsini na tano. Atawaambia alizaliwa mwaka ule Mjomba Tsuma alipouacha wali.